Tunapima Maji Chini ya Ardhi. Mbona Hatupimi Taka?

Huku Nyeri hakuna mtu mwenye akili zake atakayeita mashine ya kuchimba kisima kabla ya kumwita mtu wa kupima. Kwanza anakuja jamaa na waya zake na vyuma vyake, anavigonga chini, anasoma namba, anaenda zake. Baadaye unapewa ripoti: chimba hapa, pale achana napo, maji yako mita kadhaa chini. Hiyo ripoti hata serikali inaitaka kabla ya kukupa kibali. Hakuna mtu hubishana nayo, kwa sababu kuchimba ni pesa nyingi na hakuna anayetaka kulipia vumbi.

Sasa mchukue mtu huyo huyo umwonyeshe ploti ya hamsini kwa mia iliyojazwa udongo juzi, mahali ambapo kila mzee wa hapo anajua palikuwa na shimo la kuchimba mawe. Atauliza vitu viwili. Hati iko safi? Barabara iko karibu? Akijibiwa ndiyo, ametoa arabuni. Shimo lilijazwa na nini? Hilo haulizi.

Hiyo ndiyo stori ninataka tuongee leo, na najua inasikika kama somo la jiografia, lakini nipe dakika zako kumi. Kama unakula chipsi, kama unasevu ununue ploti, kama una shosho ushago, inakuhusu.

Mimi ni msichana wa Majengo. Majengo yetu hii ya Nyeri, maana kila mji Kenya una Majengo yake. Huku hatuna mashamba, tuna vyumba, na mfereji mmoja wa watu wengi. Shamba ni la shosho, mama ya mathe, upande wa Kieni, kule ambako Mlima Kenya uko huku na Aberdare iko kule na mvua inapita katikati ikisalimia tu. Mimi na shosho tuna jina moja, kwa sababu kwetu Wakikuyu msichana wa pili hupewa jina la mama ya mamake. Kwa hivyo mambo ya hilo shamba yananihusu hadi kwa jina.

Chini ya shamba kulikuwa na timbo. Mawe yalichimbwa hapo kabla sijazaliwa, yakaisha, watu wakaacha shimo wazi vile huachwa. Nikiwa darasa la pili, mkandarasi mmoja alikuja akamwambia guka, "Mzee, hilo shimo tutakujazia bure." Bure! Nani anakataa? Lori zikaanza kuja, nyingi zikija giza likiingia. Zilipomaliza wakamwaga udongo mwekundu juu, tingatinga ikasawazisha, wakaenda. Guka akapata robo eka mpya. Alishukuru hadi akawachinjia jogoo.

Misimu ya kwanza mahindi yalifanya vizuri. Baadaye, katikati ya hiyo robo eka, yakaanza kugeuka manjano yakiwa kimo cha magoti. Hatua kumi pembeni, mahindi ni kijani kibichi, hayana shida. Waru zikatoka ndogo kama gololi. Mvua ikinyesha sana kulikuwa na harufu ya yai bovu lililochanganywa na oili ya gari, na maji ya mtaro wa chini yalikuwa na ile rangi ya upinde wa mvua unaona petroli ikimwagika. Ng'ombe wa shosho alikataa nyasi za hapo. Ng'ombe!

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Weka mbolea. Weka chokaa, udongo una asidi. Pumzisha shamba. Shosho aliweka yote, akatumia pesa zake zote za maziwa, na manjano ikabaki pale pale. Na umbo lake halikuwa linabadilika. Ukisimama juu ya shamba ulikuwa unaona kama mtu amechora kwa rula.

Mwaka jana mjomba akaja na mpango: tuuze hiyo robo eka. Mnunuzi alikuwa amepatikana, kijana na mke wake kutoka tauni, walitaka kujenga nyumba ndogo na kulima mboga nyuma. Sitamfanya mjomba aonekane shetani hapa. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya koleji na karo haikuwa imepatikana. Hiyo ni shida ya ukweli, na ploti ndiyo kitu pekee tulikuwa nacho cha kuuza.

Tulipokaa chini nikauliza, kwa heshima, kama wanunuzi wataambiwa kuhusu lori za usiku. Mjomba akanijibu, "Mama, hilo shimo lina miaka kumi na minne. Ardhi imeshakula hizo vitu."

Ardhi haikuli kila kitu

Nimesikia hiyo sentensi kwa watu wengi, na ninaelewa inatoka wapi. Shosho zetu walikulia wakati taka ilikuwa maganda ya ndizi, majivu na samadi. Ukizika, baada ya msimu mmoja ni mbolea. Ardhi ilikuwa inakula kweli.

Lakini tairi haliliwi. Plastiki hailiwi, inakatika tu ikawa vipande vidogo. Betri ya gari ina risasi, yaani ile ledi, na ledi ni elementi: haiozi, haiishi nguvu, iko pale hadi mtu aiondoe. Rangi za zamani, oili chafu, dawa za mimea zilizoisha muda, zote zinakaa.

Na kile kinachooza kina balaa yake. Taka ikifunikwa bila hewa inatoa gesi, hasa methani na kaboni dioksaidi. Hizo gesi zinapanda na kusukuma oksijeni nje ya udongo, na mizizi inahitaji oksijeni kama wewe. Ndiyo maana mmea unaweza kuwa na mbolea na maji na bado unageuka manjano: unakosa pumzi. Halafu mvua ikipita kwenye taka inatoka ikiwa supu nyeusi ya chumvi, asidi, metali na kila kitu ilichokutana nacho. Hiyo supu haikai shimoni. Inafuata mteremko, na mteremko huwa unaenda kwa mto au kwa kisima cha mtu.

Kwa hivyo swali kwetu lilikuwa rahisi kulitaja na gumu kulijibu. Kuna nini chini, kimefika wapi, na tutajuaje bila kufukua robo eka nzima? Kufukua kwa jembe ni wazo baya sana, usijaribu. Unaweza kukutana na gesi, sindano za hospitali au pipa la kemikali, na ukilitoboa pipa umemaliza kazi ambayo kutu ilikuwa imeianza.

Mashine ya maji inaona taka pia

Jibu lilitoka kwa jamaa wa kupima visima. Mathe alimjua kupitia chama. Alituambia hajawahi kuitwa kutafuta taka, lakini amewahi kuikuta akitafuta maji, mara kadhaa, na kwenye namba zake inaonekana wazi.

Inafanya kazi hivi. Unagonga vyuma vinne ardhini kwa mstari. Unapitisha umeme kidogo kupitia viwili vya nje, kisha unasoma volti kati ya viwili vya ndani. Hapo unapata ukinzani, yaani ardhi inakataa umeme kiasi gani. Mwamba mkavu unakataa sana. Udongo wenye maji unakataa kidogo. Maji yenye chumvi karibu hayakatai kabisa. Ukitaka kuona chini zaidi, unatanua vyuma. Ukihamisha vyuma hatua kwa hatua, kompyuta inakuchorea picha ya ardhi kama imekatwa kwa kisu, kila rangi na namba yake.

Na ile supu ya taka imejaa chumvi. Kwa hivyo shimo lililojazwa taka mbichi huonekana kama doa ambalo umeme unapita bila shida, katikati ya ardhi inayokataa.

Hii si teknolojia ya sinema. Wakenya tumeitumia miaka mingi. Kabla ya Olkaria kutoa umeme wa mvuke mwaka 1981, watu walipima ukinzani wa ardhi kutafuta mahali maji moto yamejificha. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, hapa hapa Nyeri, kina taasisi ya kufundisha mambo ya jotoardhi. Kule Songo Mnara, kisiwa cha Kilwa huko Tanzania, wanaakiolojia walipima sumaku ya ardhi ili kuona mji wa kale wa Waswahili ulivyopangwa bila kuufukua wote. Yaani tunaweza kuona mji wa karne ya 15 chini ya nyasi, halafu tunashindwa kuona mikebe ya rangi iliyozikwa nikiwa darasa la pili?

Bei yake ilikuwa karibu ya mbuzi watatu wakubwa. Mathe alikopa chama, shosho akaongeza za maziwa, na mimi nikatoa zangu za tangazo moja nililokuwa nimelipwa. Mjomba alisema tunatupa pesa, lakini siku ya kazi alikuja na ndiye alikuwa anagonga vyuma.

Jamaa alianzia juu ya shamba, mahali safi. Nilimuuliza mbona anapoteza muda huko. Akaniambia kwamba bila kujua ardhi nzuri inasema nini, huwezi kujua ardhi mbaya inasema nini. Huko juu namba zilikuwa mia na kitu. Halafu akashuka, akapitisha mstari juu ya lile doa la manjano. Namba zikaanguka hadi chini ya kumi. Ukingo wa shimo ulionekana kabisa, kama ukuta.

Tungeishia hapo tungerudi nyumbani tukisema haya, tulijua. Lakini mstari wa pili aliupitisha chini zaidi, nje ya timbo, karibu na ua. Kwenye picha, ile rangi ya samawati ya namba ndogo ilikuwa imetoka shimoni na kuteremka kama ulimi, ikivuka ua wetu. Na upande ule mwingine wa ua, hatua chache, kuna kisima cha mkono cha jirani.

Mjomba aliitazama hiyo picha kwenye laptopu muda mrefu. Hakusema kitu. Mimi pia sikusema.

Shosho hakusubiri kikao. Alivaa leso yake, akachukua bakora, akaenda kwa jirani kumwambia asinywe hayo maji mpaka yapimwe. Nilimsindikiza. Jirani aliuliza kama tuna uhakika. Shosho akamwambia, "Sina uhakika. Ndiyo maana nimekuja mapema."

Mashine haijui kila kitu

Hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu najua kuna msee atasoma hii aanze kuuza huduma ya kuscan taka kwa simu. Hakuna simu inafanya hiyo kazi. Na hata mashine zenyewe zinadanganyika, hasa huku kwetu mlimani.

Chukua ile ya kupima sumaku, magnetomita. Inahisi chuma, kwa hivyo mapipa yaliyozikwa yanaipigia kelele. Safi. Lakini Mlima Kenya ni volkano ya kale, na mawe yake mengi yenyewe yana sumaku. Jiwe kubwa la volkano linaweza kujifanya pipa. Na plastiki haina sumaku hata kidogo, kwa hivyo unaweza kuwa na lori ishirini za plastiki chini na mashine inakuambia hapa ni shwari.

Kuna ile ya koili mbili, unatembea nayo bila kugusa ardhi, inapima vile umeme unapita chini. Ni ya haraka na inapenda chuma. Lakini waya za stima na uzio wa mabati zinaichanganya.

Kuna rada ya ardhini, inatuma mawimbi chini na kusikiliza yakirudi, kama skani ya mama mjamzito. Kwa mchanga mkavu ni tamu sana. Kwa udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi, wenye unyevu, mawimbi yanamezwa kabla hayajaenda mbali. Ukimwona mtu ameileta peke yake kwa shamba la kahawa la Tetu na anakuhakikishia kila kitu, muulize maswali.

Hata hiyo yetu ya ukinzani: udongo wa mfinyanzi uliolowa nao hupitisha umeme vizuri, kwa hivyo namba ndogo peke yake si ushahidi. Ndiyo maana mpimaji mzuri haamini mashine moja. Anaweka mbili pamoja, analinganisha na ardhi safi, na anaangalia umbo. Mito na miamba haichori mistari iliyonyooka na kona. Binadamu na tingatinga ndio huchora hivyo.

Na jambo la mwisho: mashine zinaonyesha mahali, hazitaji sumu. Hakuna hata moja itakuambia kuna ledi kiasi gani. Hiyo ni kazi ya maabara, baada ya kuchukua udongo na maji. Faida ya kupima kwanza ni kwamba unajua uchukue wapi. Badala ya mashimo hamsini ya kubahatisha unachimba matatu.

Sisi ilikuwa moja. Baada ya kuzungushwa ofisi kadhaa, afisa mmoja alikuja na ripoti yetu mkononi, mashine ndogo ikachimba pale picha ilipokuwa nyeusi zaidi. Mita moja chini zikatoka tairi, mikebe ya rangi, mabaki ya dari, nailoni nyingi, na betri za gari zilizopasuka. Harufu ilitufanya turudi nyuma wote. Wakachukua sampuli za udongo na za maji ya jirani, wakafunika.

Ploti haikuuzwa. Binti ya mjomba alianza koleji muhula mmoja baadaye, baada ya mchango, na mjomba bado ana deni. Nasema hivyo ili usidhani kusema ukweli ni bure. Ilitugharimu. Ila kuna kijana na mke wake mahali fulani ambao hawatalea mtoto juu ya hizo betri.

Si sisi wa kwanza

Mwaka 1953 huko Marekani, karibu na maporomoko ya Niagara, kampuni ya Hooker Chemical iliuzia bodi ya shule kipande cha ardhi kwa dola moja. Chini yake ilikuwa imezika takriban tani 20,000 za kemikali. Hati ya mauzo ilisema kuna kemikali, na ikasema kampuni haitalaumiwa. Shule ikajengwa. Nyumba zikajengwa pembeni, na walionunua nyumba hawakusoma hiyo hati. Mwaka 1978 kemikali zilikuwa zikitokea kwenye vyumba vya chini, na Rais Carter akatangaza hali ya dharura. Mtaa unaitwa Love Canal. Dola moja, kumbuka. Guka yeye alipewa bure.

Italia, kati ya Naples na Caserta, magenge ya uhalifu yalizika na kuchoma taka za viwanda kwenye mashamba kwa miaka mingi. Ni eneo la mboga na matunda, kama Kieni na Mathira yao. Huko vipimo vya sumaku vilitumika kutafuta mapipa chini ya mashamba. Tarehe 30 Januari 2025, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilikiuka haki ya wakazi ya kuishi, kwa sababu serikali ilijua na ikakaa.

Na kwetu? Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliacha ledi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido na wakazi walipigana kortini miaka mingi. Julai 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaamua upande wao. Hapo sumu haikuwa imezikwa, ilikuwa juu juu, na bado ilichukua muda wote huo.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya Nanyuki, wachungaji wa Dol Dol na Archer's Post waliuawa na kukatwa viungo na mabomu yaliyobaki kwenye viwanja vya mazoezi ya jeshi. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya Wamasai na Wasamburu 200. Chuma kilichojificha ardhini ndicho kitu magnetomita imetengenezewa. Lakini waliokipata wa kwanza walikuwa watoto wakichunga mbuzi.

Ukiangalia hizo stori zote, kuna mtu alijua. Dereva wa lori alijua. Mzee wa pale alijua. Kitu kilichokosekana ni njia ya hiyo siri kugeuka kuwa ramani ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma.

Ninachotaka

Ukienda ofisi ya ardhi kupekua hati, unaambiwa mwenyewe ni nani na kama kuna mkopo wa benki juu yake. Vizuri. Sasa ongeza mstari mmoja: je, hapa palikuwa timbo, jaa au kiwanda? Kaunti zinajua matimbo mengi, kwa sababu barabara zetu zilijengwa kwa mawe ya hapo. Orodha iwekwe wazi. Na timbo lolote la zamani lipimwe kabla halijakatwa ploti, vile tu tunavyopima kabla ya kisima.

Sheria hatukosi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinasema una haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuitetea bila kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine ameumia. Cha 35 kinakupa haki ya kuuliza serikali habari ilizo nazo. NEMA iko kwa sheria ya mwaka 1999, na mwaka 2022 tukapata Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Msingi wake ni kwamba mchafuzi ndiye hulipa. Shida yetu sisi ni kwamba mchafuzi alikuja giza likiingia na hakuacha jina. Shosho hakuchafua, lakini shamba ni lake, na leo hii yeye ndiye anaangaliwa. Nafikiri lazima kuwe na mfuko wa kusafisha mahali ambapo mchafuzi hajulikani, la sivyo watu watafanya vile watu hufanya: watamwaga udongo mwingine juu na kuuza.

Na usiniambie hii ni shida ya watu wa ushago. Mboga za huku zinaenda soko la Karatina, kutoka hapo zinapanda lori hadi Nairobi. Chipsi uliyokula jana saa nane ilikuwa kiazi cha mtu, na hicho kiazi kilikaa chini ya udongo fulani miezi mitatu.

Kuna vitu unaweza kufanya bila pesa. Wikendi ukienda ushago, tembea na guka au shosho, muulize mashimo yalikuwa wapi na yalijazwa na nani. Rekodi kwa simu, na uandike tarehe. Hao ndio ramani tuliyo nayo kwa sasa, na wanatuondokea. Fungua Google Earth kwa kompyuta, kuna sehemu ya picha za miaka ya nyuma, ni bure. Rudi nyuma uone kama hiyo ploti ilikuwa shimo jekundu mwaka fulani. Angalia mimea: doa lenye kingo zilizonyooka ambalo halisikii mbolea linataka kukuambia kitu. Na mtu akitaka kukujazia shimo bure, muulize anatoa wapi hicho cha kujazia, upige picha namba ya lori.

Ukishuku, usichimbe. Tafuta mtu wa kupima, hata kama ni jamaa wa visima, na umwambie aanze na ardhi safi.

Kwetu, ile robo eka sasa imezungushiwa waya. Hakuna kinacholimwa hapo. Jirani ananunua maji ya kunywa, na sisi tunamsaidia kulipa, kwa sababu shosho alisema hivyo na kwetu shosho akisema imeisha. Ripoti ya mpimaji iko kwa sanduku moja na hati ya shamba. Shosho ameniambia wakati wangu ukifika, nisiwahi kuzitenganisha hizo karatasi mbili.